Barua kwa Editha, kuhusu magari ya majirani

Bugarama, Ngara

Mwanangu Editha,

Huku hatujambo. Mvua zimewahi, maharage yametoa maua, na mguu wa baba yako umepata nafuu. Jumapili alikwenda kanisani mwenyewe na akarudi bila kushikwa mkono. Migomba ya upande wa bondeni imeshikwa na mnyauko, tumeing'oa yote, na pale hatutapanda mgomba mwingine mpaka ardhi ipumzike. Mdogo wako Jovini amemaliza deni la pikipiki. Sasa ni mali yake kamili, anabeba abiria wa Rulenge na jioni analeta sukari nyumbani bila kuambiwa. Mungu amwongoze.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia kwenye simu yake, na zile picha nimezitazama kwa miwani, moja baada ya nyingine. Nimeona nikujibu kwa barua. Ya simu husikilizwa mara moja yakafutwa, na haya nataka ukae nayo. Najua mumeo naye ataisoma. Ndivyo ninavyotaka.

Umesema jirani wa nyumba ya tatu anapaki Noah yake juu ya njia ya waenda kwa miguu tangu Krismasi. Wa ng'ambo ameiga, na mwenye duka la vinywaji anashusha kreti zake palepale. Mwanao Gaspari akitoka shule inabidi ashuke barabarani, na juzi bajaji imemkwangua begi mgongoni. Ukamaliza kwa kusema kwamba ukiikuta tena Noah hiyo utatoa upepo matairi yote manne, liwalo na liwe.

Hasira yako ni ya haki. Naanza na hilo ili usije ukadhani shangazi anakutuliza kwa sababu wewe ni mgeni mtaani na wao ni wenyeji. Mtoto amekoswakoswa na bajaji, na aliyemsukuma kwenye bajaji hiyo ni mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kufikiri kabla ya kuzima gari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa anatembea kwa miguu yake. Hao hawakuwa na bati la kuwakinga. Kinga yao ni ile njia ya pembeni, na mtu akiilalia kwa gari lake amewavua kinga hiyo.

Na mimi mtaa wenu wa Sinza, Dar es Salaam, naujua kwa miguu yangu. Nilipokuja kwako kutibiwa nyonga, ile njia ilikuwa mpya, vitofali vyake vya saruji bado havijachafuka. Nilifurahi, nikasema sasa wazee wa Sinza wamekumbukwa. Kutoka kituoni hadi getini kwako ni mwendo mfupi kwa mwenye miguu mizima, ila kwa mwenye fimbo ni safari. Nafika kwenye gari la kwanza, nasimama. Natazama upande wa ukuta kama kuna upenyo, nakuta kioo cha pembeni kinakaribia kuugusa. Upande wa barabara kuna mtaro, na mfuniko wake umevunjika. Basi naweka kiganja kwenye boneti iliyochomwa na jua, naishusha fimbo, kisha mguu mbovu, kisha mguu mzima, na mgongo wangu umeelekea bodaboda zinazokuja kwa kasi. Nikilipita gari hilo natafuta pa kupandia tena, na mbele yake kuna jingine. Mwenye gari yuko ndani kwake. Hana habari kwamba bibi mmoja ameshuka barabarani kwa ajili yake.

Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa unaniuguza, na mgonjwa hapaswi kumwongezea mzigo anayemuuguza. Sasa nakuambia.

Mambo haya sikuyaonea Sinza kwanza. Mwaka 1994 wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako, mimi nikifundisha shule ya msingi si mbali na Benaco. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Chakula chao kililetwa kwa treni hadi Isaka, kutoka hapo kikapakiwa kwenye malori, na malori yakawa yanaingia Ngara usiku na mchana. Sitayasema vibaya malori yale. Yaliokoa roho za watu, na mateso ya wale waliovuka hayalinganishwi na hili ninalokuandikia.

Lakini naukumbuka ukingo wa barabara. Wanafunzi wangu walikuwa na kijia chao pembeni ya lami, kilichokanyagwa na wazazi wao kabla yao, na akina mama walipita hapohapo na madumu ya maji kichwani. Madereva waliochoka wakaanza kupaki juu ya kijia hicho, lori nyuma ya lori, na watoto wakasogezwa kwenye lami. Walimu tulijigawia zamu, tukawa tunasimama pale asubuhi na jioni kuwavusha. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwafuata madereva wenyewe chini ya malori yao walikolala, akawasalimia, akawanywesha uji wa shule, kisha akawaonyesha uwanja wa wazi nyuma ya vibanda ambao hawakuujua kwa kuwa walikuwa wageni. Wengi walihamia huko siku ileile. Wachache waliokataa, wenzao ndio waliowasema.

Hilo nimelibeba mpaka leo. Anayeziba njia mara nyingi hajaonyeshwa pengine pa kwenda, na akionyeshwa kwa heshima ni watu wachache wanaoendelea kukaza shingo. Hata hapa Bugarama, pasipo na hatua moja ya njia iliyosakafiwa, siku ya gulio Fuso za wanunuzi wa maharage zilikuwa zinasimama mdomoni mwa kijia cha zahanati. Wazee walizungumza na wenye magunia, sasa wanapakilia upande wa juu. Jovini naye nimemwambia: pikipiki isisimame kwenye kijia cha watu hata kama abiria ndiye aliyeita.

Najua utaniambia Sinza hakuna nafasi. Ngoja tulitazame hilo vizuri. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 katika ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Watu wa kipato cha kawaida walipewa viwanja vidogo vyenye barabara na maji, wajenge wenyewe pole pole. Wenye magari walikuwa wa kuhesabika. Mbele ya nyumba palikuwa pa mwembe, pa upepo, pa watoto kucheza rede. Sasa tembea mtaani kwenu uone. Pale mbele pamejengwa fremu, fremu imepangishwa saluni na duka la simu, kodi inaingia kila mwezi. Gari lililopaswa kulala pale limesukumwa nje ya ukuta, likalazwa kwenye njia ya watu. Jirani yako anapokea kodi ya fremu. Anayeilipia Noah yake maegesho ni Gaspari.

Kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Ilipangishwa.

Na kuna jambo jingine linanikera, nitalisema hata kama kuna atakayelisoma akakunja uso. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam, Kariakoo na kwingineko, wakaambiwa waende kwenye maeneo waliyopangiwa. Hoja kubwa iliyotolewa ni kwamba njia za waenda kwa miguu ni za kupitia. Hoja hiyo naikubali, ingawa najua ilivyowaumiza, maana vijana wengi wa huku kwetu waliishi kwa biashara zile. Lakini beseni la maandazi mtu analizunguka kwa hatua moja, na mama akiona kipofu anakuja, analivuta beseni lake. Noah haivutwi. Kama ilikuwa haki kumwondoa mwenye beseni, basi mwenye gari ana deni kubwa zaidi kwa wapita njia, na ajabu ni kwamba huyu hakuna mgambo anayemfuata.

Hizo Noah zenyewe tunazinunua zikiwa zimetumika Japani. Mwalimu mwenzangu aliyekwenda kozi kule alirudi na habari iliyotushangaza wote ofisini. Tangu mwaka 1962 wana sheria ya kulaza magari: mtu wa mjini hasajili gari mpaka polisi wathibitishe kwamba ana mahali pa kuliweka, na pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. London nako wamekataza kupaki juu ya njia za miguu tangu mwaka 1974. Usiniambie wana nafasi kutuzidi. Tokyo nayo imebanana. Wameamua tu kwamba gari likiwa la mtu, na pa kulilaza atafute yeye.

Sasa mwanangu, kaa vizuri unisikilize.

Katika picha ya tatu uliyonitumia, Noah ipo kushoto. Kulia kuna geti la bluu. Mbele ya geti hilo naona rampu ya zege imemwagwa kuvuka njia yote mpaka kwenye mtaro, imeinuka kiasi cha shubiri, na kando yake matairi mawili yaliyopakwa chokaa yameoteshwa maua. Geti la bluu ni lako. Maua ni mazuri, na najua rampu iliwekwa ili gari la mkwe wangu lipande bila kugonga chini. Lakini mwenye kiti cha magurudumu akifika pale atageuza. Mwenye fimbo nyeupe atajikwaa, kwa sababu hatua chache nyuma palikuwa sawa na hakuna cha kumwonya. Na mvua za masika zikija, maji yaliyokuwa yaingie mtaroni yatasimama mbele ya zege hilo mpaka yaingie kwa jirani wa chini. Wazee walisema nyani haoni kundule. Ndiyo sababu Mungu akatupa watu wa kututazama.

Mkwe wangu, hapa nakuambia wewe pia, kwa heshima zote. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kujenga ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, na rampu ile imo ndani ya hifadhi. Siku mtakapokwenda kumshtaki mwenye Noah, ofisa akaja kupima, watakaoanza kuandikiwa ni ninyi. Noah itawashwa iondoke. Zege haliondoki.

Basi utaratibu wangu ni huu, na naomba msiugeuze. Kwanza aitwe fundi, rampu ivunjwe. Mteremko ujengwe upya kuanzia ndani ya geti, juu ya ardhi yenu, na njia irudishwe ilivyokuwa, vitofali vilalie sawasawa. Kama mnahitaji kivuko juu ya mtaro, mwende TARURA mkawaombe, maana barabara za mitaa ziko chini yao tangu mwaka 2017. Matairi ya maua yaingie uani. Fanyeni haya mchana, watu wakiona. Msimtangazie mtu. Mtaa una macho.

Yakishakwisha, ndipo mwende kwa mwenye Noah. Nendeni wawili, mke na mume, jioni baada ya watu kula, na simu yenye picha muiache nyumbani. Msimwanzie na sheria. Mwiteni kwa jina la mtoto wake, muulizeni hali, mpokee maji mkipewa. Kisha mseme kwa kifupi: "Baba Neema, sisi tulikuwa tumeziba njia kwa zege letu, tumelivunja. Mtoto wetu juzi amekoswa na bajaji. Tunaomba utusaidie, gari lilale pengine." Kabla ya kwenda, muwe mmeshatafuta hapo pengine. Kule kwenu kuna nyua zenye walinzi ambako watu hulipia kulaza magari usiku, na kuna viwanja vya watu ambavyo havijajengwa. Muwe mmeuliza bei, muwe mnajua mlinzi ni nani. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, ila nyoka huyo naye anataka aone shimo jingine la kuingia.

Wa ng'ambo mtamfuata baadaye. Ameiga ubaya, ataiga na wema. Mwenye duka mnunulieni soda kwanza, halafu mkubaliane naye saa za kushusha kreti, zisiwe zile watoto wanapokwenda shule wala wanapotoka.

Mwenye Noah akikataa, msirudi na matusi. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mwombe jambo hili liwekwe kwenye mkutano wa mtaa, na siku hiyo msiende peke yenu. Mchukueni yule mzee anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu pale kona, kama yu radhi, na mama yeyote anayebeba mtoto. Wao waseme. Tangu mwaka 2010 nchi hii ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, lakini mtu mmoja akisimama mbele ya jirani zake na kusema "mimi hapa sipiti", uzito wake unazidi karatasi nyingi. Msilianzie kwenye kundi la WhatsApp. Kule watu huandika wasiyoweza kutamka wakiangaliana, na mtu akishaaibishwa mbele ya kundi hawezi tena kukubali hata akitaka.

Polisi wa usalama barabarani na TARURA wawe wa mwisho. Sisemi msiwafikie. Ikibidi mwende, na mwende na tarehe mlizoandika. Lakini faini ya 30,000 kwa mtu mwenye Noah ni mafuta ya siku chache, ataitoa na kesho atapaki tena akiwa na kinyongo. Jirani akiondoa gari kwa hiari yake halirudishi.

Na upepo wa matairi usiuguse, Editha. Hilo nakukataza. Utakuwa umeharibu mali ya mtu, na kutoka hapo hakuna atakayezungumzia njia tena, watazungumzia wewe. Gaspari atakuona, na kesho yake atafanya hivyo kwa baiskeli ya mwenzake. Tena kumbuka pumu ya mtoto huyo. Mumeo anasafiri kikazi, gari linakwenda naye. Mtoto akibanwa kifua saa nane za usiku, gari lililo karibu kuliko yote ni hiyo Noah, na mtu utakayemgongea mlango ni huyo Baba Neema. Nataka siku hiyo afungue upesi, asianze kukumbuka matairi yake.

Wakati mnashughulika na hayo yote, mtoto asitembee peke yake. Dada wa kazi ampokee shuleni, amshike mkono, mtoto awe upande wa ukuta, na mahali wanapolazimika kushuka barabarani washuke wakiwa wanayatazama magari yanayokuja. Sisi walimu tuliwafundisha hivyo wanafunzi tulipokuwa tunawavusha barabara ya malori, na hatukupoteza mtoto hata mmoja.

Baba yako anakusalimu. Anasema mtoto wa pili aletwe likizo ya Desemba aje ajifunze kuchimba viazi. Maharage nitakufungia debe moja, nitampa Jovini alipeleke kwenye basi. Uniambie likifika.

Mpe mkwe wangu barua hii aisome mwenyewe, usimsimulie. Na fundi aitwe Jumamosi hii, isiwe ile ijayo.

Ni mimi shangazi yako anayekupenda,
Agripina